Maswali na Majibu: Choo Kikavu cha Nje kwa Nyumba za Dodoma

Barua tulizozichagua mwezi huu zinahusu choo cha nje kisichotumia maji, ambacho uchafu wake hautolewi na gari la kunyonya wala haufukiwi ukasahauliwa, bali unatunzwa mpaka ugeuke mboji. Tumezifupisha bila kubadili maana, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Shikamoo Mshauri. Nimejenga nyumba pembezoni mwa Chamwino, na tunaishi watu sita. Mafundi wamechimba shimo la choo mahali pawili tofauti, na kote wamekutana na mwamba kabla shimo halijafika kiunoni. Maji tunanunua kwa dumu, kwa hiyo choo cha kumwagia maji sikitaki. Nimesikia habari za choo cha mboji, lakini kila fundi ananieleza jambo lake. Nichague kipi?
*Baba wa familia, Chamwino*

Marahaba. Mwamba na bei ya maji vimekwisha kukuamulia nusu ya jambo. Lililobaki ni kuchagua kati ya kuozesha na kukausha, kwa sababu mafundi wako huenda wanazungumzia vyoo viwili tofauti kwa jina moja. Kuozesha kunahitaji unyevu: vijidudu vinavyogeuza kinyesi kuwa mboji hufanya kazi vizuri pale rundo linapokuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake au kuzidi kidogo, hewa ya kutosha, na takataka kavu nyingi, kiasi kwamba kila sehemu moja ya nitrojeni, iliyo nyingi katika kinyesi na mkojo, ipate sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyo nyingi katika takataka hizo kavu. Kukausha ni kinyume chake: mkojo unaelekezwa kwingine, kinyesi kinafunikwa kwa majivu kila mara, na vimelea vinakufa kwa kukosa maji na kwa ukali wa majivu hayo. Mkoa unaopata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 kwa mwaka, ambayo karibu yote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, unakausha chochote bila kuombwa, ilhali kuozesha ndani ya choo mwezi wa Septemba hapa kwetu kunadai maji ambayo hata ya kupikia yanapatikana kwa taabu. Kwa hiyo nyumba nyingi za ukanda huu nazishauri zijenge choo cha kukausha, na kazi ya kuozesha ifanyike baadaye shambani, mvua zikishaanza.

Ziko aina tatu ambazo familia ya kawaida inaweza kuzimudu. Ya kwanza ni choo cha mti, kilichoenea kutoka Zimbabwe: shimo fupi la mita moja hivi, kibanda chepesi kinachohamishika, na kila mtu akimaliza haja hutupia udongo, majivu na majani makavu. Shimo likikaribia kujaa, kibanda kinahamishwa, juu yake panawekwa udongo mzuri usiopungua sentimita 15, na mvua zikianza panapandwa mpapai, mpera au mwembe. Hakuna anayelazimika kugusa kitu, na ndiyo maana nakipenda kuliko vingine vyote kwa mtu mwenye eneo kubwa na udongo unaochimbika. Ya pili ni mashimo mawili yanayopokezana, ya kina cha mita moja na nusu hivi, moja likitumika mwaka mzima wakati jingine limefungwa na linaoza. Hizo mbili zinataka kuchimba, na mwamba wako umezikataa.

Ya tatu, ambayo ndiyo yako, ni choo cha chemba mbili zilizojengwa juu ya ardhi, mfano uliotumika sana Vietnam tangu miaka ya 1950, chenye sinki linalotenganisha mkojo na kinyesi. Mtu anaweza kukutajia pia lile tangi kubwa lenye sakafu ya mteremko lililobuniwa Uswidi mwaka 1939. Ni kazi nzuri ya ubunifu, lakini ni ghali na linadai unyevu unaoangaliwa kwa makini, nami sioni sababu ya kulibeba mpaka Chamwino.

Hesabu ya ukubwa si ngumu. Kwa makadirio ya kawaida, mtu mzima hutoa kinyesi cha lita 50 kwa mwaka na mkojo wa lita 500. Watu sita, basi, wana kinyesi cha lita 300. Ukiongeza majivu na karatasi, kisha ukakumbuka kwamba vyote hushuka vinapokauka, chemba ya urefu wa mita 1, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 80, yaani lita 640, itawatosha mwaka mzima. Ikifika robo tatu na ushei, sawazisha juu, ongeza tabaka nene la majivu na udongo mkavu, ziba tundu lake na muhamie chemba ya pili. Ya kwanza isifunguliwe mpaka upite mwaka mzima tangu siku ya mwisho ilipotumika. Fundi atakayekwambia kwamba miezi mitatu inatosha, mshukuru, mlipe nauli, kisha utafute mwingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja pale joto la mahali linapokuwa kati ya nyuzi 20 na 35, na kinachotulazimisha kungoja hivyo ni mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo ganda lake gumu huyawezesha kuishi katika udongo muda mrefu kuliko bakteria wa kuhara.

Katika ujenzi, pesa zako zipeleke kwenye mambo yanayozuia maji. Sakafu ya chemba iwe ya zege, iliyoinuliwa juu ya ardhi angalau sentimita 15, maana mvua ya Januari hapa hunyesha kwa kishindo na maji hukimbia juu ya ardhi ngumu kabla hayajapata pa kunywea. Kuta ziwe za matofali ya kuchoma au ya saruji, zilizopigwa lipu ndani. Milango midogo ya kutolea mboji iwe nyuma ya choo, iwe ya bati lililopakwa rangi nyeusi, na ielekee magharibi ipate jua la alasiri. Nguzo za miti ziepuke kabisa, kwa kuwa mchwa wa Dodoma hawana subira. Kila chemba iwe na bomba la hewa la inchi 4 au zaidi, lililonyooka, linalopita paa kwa nusu mita, na juu yake wavu wa chuma kisichopata kutu, kwa sababu wavu wa plastiki hukatika kwa jua. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki, kwa hiyo choo kikiwa magharibi ya nyumba hata siku kikinuka hakitawanukia ninyi; hakikisha tu kwamba hakimnukii jirani, na kwamba kisima chochote kiko umbali usiopungua mita 30.

Bomba la mkojo nalo lina masharti yake. Liwe la plastiki, pana, lenye mteremko wa kutosha na kona chache, kwa sababu mkojo huacha ukoko mgumu unaoziba bomba jembamba. Mwisho wake uingie ndani ya dumu lililo kivulini, karibu kufika chini, ili harufu isirudi juu. Kabla hujaanza kujenga, mwite afisa afya wa kata aone mahali na mchoro. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamhusu kila mwenye nyumba, na ni nafuu afisa akukosoe kwenye karatasi kuliko akukosoe ukuta ukiwa umesimama.

Assalaam aleikum. Nyumbani kwetu Kondoa tunatumia maji chooni na hatuna nia ya kuacha. Tukijenga choo kikavu tutakuwa tunajidanganya? Mama mkwe wangu pia ana maumivu ya magoti, hawezi kuchuchumaa.
*Mama wa nyumba, Kondoa*

Wa aleikum salaam. Hamtakuwa mnajidanganya, mradi maji ya kutawaza yasiingie ndani ya chemba. Yapo masinki yenye matundu matatu: la mbele la mkojo, la katikati la kinyesi, na la nyuma la kujisafishia. Mkilikosa, fundi anaweza kutengeneza mahali pa kutawazia pembeni, hatua moja kutoka kwenye tundu, penye mteremko na bomba lake. Maji hayo yasielekezwe kwenye dumu la mkojo, kwa sababu yana uchafu wa kinyesi. Yaende kwenye shimo dogo lililojazwa kokoto, ambalo kando yake mnaweza kupanda migomba, nayo itawashukuru wakati wa kiangazi. Tundu la kinyesi liwe na mfuniko wenye mpini mrefu, na mtu alifunike kabla hajagusa kopo. Wageni ndio huharibu mambo, kwa hiyo mwelezeni mgeni mapema, hata kama mtaona haya.

Kwa mama mkwe, jengeni kiti juu ya mojawapo ya matundu hayo, chenye kizuizi ndani kinachopokea mkojo mbele, na ukutani fungeni bomba la kushikia. Kwa kuwa ngazi haziepukiki katika choo kilichoinuliwa, ziwe pana na fupifupi, au jengeni njia ya mteremko. Kama kiwanja chenu kina mwinuko wa asili, tumieni bonde kwa milango ya chemba na mlima kwa mlango wa kuingilia, nanyi hamtahitaji ngazi hata moja. Wanaume wa nyumba waambiwe wachuchumae au wakae, au watengenezewe mahali pao pa kukojolea pa nje, maana anayekojoa amesimama hulowesha chemba kwa siku moja kuliko wanawake wote wa nyumba kwa mwezi.

Choo chetu cha chemba mbili kilikuwa hakinuki kabisa tangu Juni, lakini tangu Januari kinanuka na kina funza. Majivu tunaweka. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Mpwapwa*

Kuna maji yanayoingia. Angalieni kwanza mlango wa nyuma na ile pembe ambapo bomba la hewa linapita kwenye bati, kisha sinki lenyewe, ambalo huenda limepata ufa. Harufu inayochoma pua ni ya mkojo uliochanganyika na kinyesi. Harufu ya kitu kilichovunda ni ya rundo lililokosa hewa kwa kulowana. Mkishaziba palipovuja, mwageni ndani ndoo mbili au tatu za vitu vikavu kwa mara moja, kisha mrudie kipimo cha kawaida, yaani kopo moja au mawili kila baada ya haja kubwa. Funza watapungua wenyewe rundo likikauka. Msiwamwagie dawa ya wadudu wala ya kusafishia choo.

Wengi wanaopikia gesi siku hizi wananiuliza majivu watayapata wapi. Maranda ya seremala, maganda ya karanga yaliyopondwa, pumba za mpunga kutoka Bahi, makapi ya alizeti, hata udongo mkavu uliochekechwa, vyote vinafunika na kunyonya unyevu. Majivu yana faida ya ziada, kwamba yanaua vimelea kwa ukali wake, kwa hiyo mwenye majivu kidogo ayachanganye na maranda badala ya kuyatumia peke yake siku mbili kisha akae bila kitu siku tano. Ila kwa wale wenye choo cha mti au cha mashimo mawili, ambako tunataka uozo, majivu yasizidi udongo na majani, kwa sababu yakiwa mengi huwazuia wale wale vijidudu tunaowategemea.

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Chemba yangu ya kwanza imefungwa kwa mwaka na miezi kadhaa. Naweza kuweka mboji hiyo na mkojo kwenye mizabibu? Mke wangu anataka kutumia kwenye mchicha.
*Mkulima, Hombolo*

Mheshimiwa mkulima, kwa mchicha jibu langu ni hapana, na naomba umsomee mama. Mchicha, chainizi, nyanya na kila kinachogusa ardhi au kuliwa kibichi visipewe mboji ya chooni, hata iliyokaa mwaka. Mchicha hupikwa, ni kweli, lakini mikono inayouchambua na kisu kinachoukata havipikwi. Mzabibu ni jambo jingine, kwa kuwa matunda yake yananing'inia juu ya waya, mbali na udongo.

Ukifungua chemba, vaa gambuti na glavu, funika pua kwa kitambaa, na tumia beleshi ambalo halitarudi jikoni. Utakachokuta kinapaswa kuwa kikavu, cha kubomoka, kisicho na harufu ya choo. Ukikuta sehemu mbichi, funga mlango uongeze miezi. Kilicho tayari usikipeleke moja kwa moja kwenye mashina, kwa sababu kilichokaushwa bado hakijawa mboji. Kipange kwa matabaka pamoja na samadi ya ng'ombe, majani na makapi mwanzoni mwa mvua, lowesha kiasi, funika kwa nyasi, kisha geuza rundo kila linapopoa. Rundo kubwa la namna hiyo hupata joto ambalo choo hakipati kamwe. Likizidi nyuzi 50 kwa zaidi ya wiki moja, na kila upande ukapata zamu ya kuwa katikati, hata mayai ya minyoo yaliyosalia hufa. Baada ya hapo chimba mfereji kuzunguka shina, mbali na shina lenyewe kwa nusu mita hivi, weka mboji, na uifukie kwa udongo wa kiganja kizima. Isibaki juu, kuku wakaichakura.

Mkojo ndio wenye thamani zaidi, ingawa watu huudharau, kwa sababu sehemu kubwa ya nitrojeni inayotoka mwilini hutoka nao. Mkojo wa watu sita wa mwaka mzima, ukikusanywa wote bila kupotea hewani, una nitrojeni inayofikia au kuzidi ile ya nusu mfuko wa urea wa kilo 50. Uhifadhi katika madumu ya plastiki yaliyofungwa kabisa, maana dumu lililo wazi hupeperusha mbolea na kukuachia harufu. Chombo cha chuma usikitumie, kitaliwa. Ukiutumia kwa mazao ya familia yenyewe, acha angalau mwezi mmoja kati ya kumwaga na kuvuna. Kwa mazao ya kuuza, kwanza uukalishe ndani ya madumu miezi sita.

Kwa Dodoma ninaongeza onyo ambalo mtu wa Lushoto halimhusu sana. Mkojo una chumvi, na ardhi yetu haipati mvua ya kutosha kuisafisha chumvi hiyo ishuke chini. Mzabibu hauvumilii chumvi kama mtama unavyovumilia. Ukingo wa majani yake ukianza kuungua kahawia, umekwisha kuchelewa. Kwa hiyo tumia mkojo katika msimu wa mvua tu, sehemu moja kwa maji matatu hadi matano, ukiumwaga katika mfereji na kuufunika papo hapo, na usizidi lita moja hadi moja na nusu ya mkojo halisi kwa mita ya mraba kwa msimu mzima. Kwenye kipande chenye udongo mzito mweusi wa mbuga, usiopitisha maji, usiutumie kabisa. Upeleke kwenye mahindi au mtama ulioko kwenye kichanga. Na kwa kuwa mzabibu hapa huzaa mara mbili kwa mwaka, zabibu zikishaanza kuiva acha nitrojeni ya aina yoyote, la sivyo utavuna majani.

Jambo la mwisho ni la soko. Kama unauza kwa kiwanda au kupitia ushirika, waulize kabla ya kumwaga hata dumu moja, kwa sababu viko viwango vya mazao ya kuuza nje vinavyokataza kabisa uchafu wa binadamu shambani, hata uliotibiwa. Usifiche. Ukikataliwa, ipeleke mboji kwenye miembe na mipapai ya nyumbani, ambayo haina mnunuzi wa kuuliza maswali.

Hapa kijijini kwetu wilayani Kongwa kuna wazee wanaosema kwamba choo hukusanya nzi, na kwamba porini ni pasafi zaidi kwa sababu jua linakausha. Niwajibu nini bila kuwavunjia heshima?
*Kijana, Kongwa*

Waambie, kwa adabu zote, kwamba nusu ya maneno yao ni kweli: choo cha shimo kilicholowa na kisicho na mfuniko hukusanya nzi. Lakini Kongwa inajulikana na wataalamu wa macho kwa sababu ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope unaofikia kupofusha, na nzi anayependa kutua kwenye macho ya watoto na kuueneza hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, wala hazaliani ndani ya choo. Jua hukausha, ila nzi hufika kabla ya jua kumaliza kazi. Wazee waliosikiliza redio wakati wa kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya mwaka 1973 huenda wakakusaidia kuwaeleza wenzao, nawe uwape wao nafasi ya kusema kwanza.

Kisha angalieni kinyesi cha watoto wadogo, ambacho watu wengi hukiona hakina madhara na kukitupa nyuma ya nyumba. Kitiwe ndani ya chemba kila asubuhi na kufunikwa kwa majivu kama cha mtu mzima, poti lioshwe na maji yake yamwagwe kwenye shimo la kokoto. Kando ya mlango wa choo tundikeni kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachochirizisha maji kidogo kidogo, chenye sabuni iliyofungwa kwa kamba, kwa urefu ambao mtoto wa miaka minne anaufikia.